Mdalasini Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Nkunga, Tukuyu
14 Agosti 1995

Dada yangu mpendwa Imakulata,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu ya siku nyingi. Natumaini waraka huu utakukuta umekwisha kupona ile malaria ya mwezi uliopita, watoto wanaendelea na masomo, na shemeji Hezron bado anabishana na redio kila jioni kana kwamba mtangazaji atamjibu. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu haina adabu hata kidogo: ukungu unaingia mlangoni bila kubisha hodi na hauondoki mpaka saa nne, na wachumaji wa chai wanapita barabarani ukisikia sauti zao kabla hujawaona. Jirani yetu mzee Amoni anakusalimu, na anauliza kama huko Tabora kuna ndizi au mnaishi kwa asali tu.

Barua zako mbili za mwezi Juni zilifika salama, yangu na ile uliyomwandikia Prisca. Hii ya kwangu nimeanza kuijibu mara nne na kuchana mara nne. Unanijua: sijawahi kukosa maneno. Mhadhiri mmoja pale chuo kikuu aliwahi kusema mbele ya darasa zima kwamba mimi ningebishana na kaburi langu mwenyewe, nami niliichukua kauli hiyo kama sifa. Lakini yaliyotokea hapa nyumbani juzi Jumamosi yamenipokonya hoja zote, na nimeona nikuandikie kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, mpaka nifike mahali ambapo kwa kweli sitaki kufika.

Unajua tayari kwamba Baba alihama nyumbani kwake mwezi Mei. Niliyokuandikia wakati ule yalikuwa mafupi: kwamba mke wangu, kwa ugeni wake, aliingia nyumbani kwa Baba asubuhi bila kujua kuwa mwenyewe yumo, wakakutana uso kwa uso, na mwiko wa ukutila ukavunjika. Wewe huhitaji kufundishwa neno hilo. Umekua ukimwona Mama, Mungu amrehemu, akitoka njiani na kujitenga migombani kila babu alipopita. Lakini Prisca ni Mbondei wa Muheza. Kwao mkamwana humwamkia baba mkwe wake, humpelekea maji ya kuoga, hata kutaniana hutaniana. Ilinibidi nimweleze, siku ya kwanza kabisa aliyofika hapa, kwamba kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawakai chini ya paa moja hata kama mvua inanyesha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huo ni ugomvi. Nikamjibu kwamba ni ujinga wa kale. Jibu hilo naomba ulikumbuke, dada, maana nitalirudia.

Baada ya siku ile Baba alihamia kwenye kile kibanda cha juu tulichokuwa tukiwekea majembe na vikapu vya chai, akatandika majani makavu ya migomba, akawa anakula kwa mzee Amoni. Chakula cha mkono wa Prisca alikikataa, na wala si kwa hasira. Alisema tu kwamba hajui tena akitazame kwa jicho gani. Na watu wa hapa unawajua. Kanisani wanawake waliacha nafasi pande zote mbili za benchi alilokaa Prisca. Wakampa na jina: yule aliyemtoa mkwe wake nje.

Kisha ikaja barua yako kwake. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake kwenye kitabu cha Ruthu, akachukua ndoo akaenda kisimani. Hakunionyesha. Niliisoma kwa siri, na nilipofika pale ulipoandika kwamba msichana aliyelelewa vizuri hubisha hodi hata kwenye nyumba tupu, niliirudisha kwa Ruthu nikakaa kimya. Mwishoni mwa Julai ndipo akaniambia, bila kulia, kwamba mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuendelea kulala juu ya majani kwa ajili yake. Mwezi Agosti ukiisha kabla Baba hajarudi kitandani kwake, yeye atarudi Muheza kwa mama yake, ili nyumba imrudie mwenye nyumba. Nilimpinga kwa hoja saba, nyingine nimezitoa vitabuni. Alizisikiliza zote huku akichambua mchele, kisha akaniuliza: “Umemaliza? Basi kaninunulie unga wa ngano.”

Nilikwenda Bulyaga. Dada, unakumbuka mwaka ule tulipopanga foleni ya sukari tangu alfajiri, Mama akarudi na nusu kilo ameifunga kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa, akaificha hata Baba asiione? Sasa ingia duka lolote pale Bulyaga. Siagi ya makopo imepangwa mpaka kwenye dari, hamira ya pakiti, maziwa ya unga ya nchi ambazo mimi nimezisoma kwenye ramani tu. Mimi niliyeandika tasnifu nzima kuupinga uchumi wa soko huria nilisimama mbele ya kaunta nimeduwaa, mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Mdalasini peke yake sikununua. Mama mkwe wangu huutuma kutoka Muheza, magome yaliyojikunja yenyewe, ameyafunga kwenye gazeti.

Kitu alichotengeneza Prisca anakiita mkate wa kukunja, na husema kwao hata mtoto wa darasa la tatu anaujua. Labda. Mimi nilikaa kwenye kigoda jikoni nikitazama, na nakiri kwamba sijawahi kutazama mhadhara wowote kwa makini kiasi kile. Katika baridi hii inayogandisha mafuta ya kupikia, lile donge la unga lilifunikwa blanketi dogo, likawekwa karibu na jiko, na baada ya saa moja lilikuwa limekua maradufu, limejaa pumzi, laini kama shavu. Nilimweleza Prisca sababu yake kisayansi. Akasema ndiyo, lakini tafadhali nisilipulizie baridi kwa mdomo wangu. Harufu ilipotoka, mdalasini na sukari vikiyeyuka juu ya makaa, ilipanda na ukungu kilimani moja kwa moja hadi kibandani. Niliona mlango wa kibanda ukifunguka kidogo.

Nilipeleka sahani mwenyewe, imefunikwa kwa jani la mgomba. Baba akauliza kazi ya nani. Badala ya kujibu neno moja nilianza kumweleza kwa nini mila isiyokuwa na manufaa haina budi kufa, na kwamba hata makanisa yetu yalikwisha kuiacha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Asubuhi nilikuta sahani palepale nilipoiweka, imejaa siafu. Prisca aliisugua kwa majivu, akaoka tena siku ya tatu yake, akanipa sahani na onyo: “Peleka mikate. Mdomo uache hapa.”

Nikaiweka kizingitini nikaondoka. Jioni sahani ilirudi mlangoni kwetu imeoshwa, na juu yake kuna maparachichi matatu, yale ya mti wa nyuma ambayo Baba huwa hampi mtu. Prisca aliyatazama muda mrefu, asiyaguse, kama mtu aliyepokea simu ya maandishi kutoka kwa mfalme. Akaoka tena. Safari hii sahani ilirudi na mayai. Halafu na kikombe cha maziwa. Kwa wiki mbili watu wawili ambao hawaruhusiwi kuonana walizungumza kwa sahani moja ya bati, na mimi nilikuwa miguu tu ya kupandisha na kushusha. Sijui niliwahi kusoma wapi mazungumzo marefu kama yale. Nadhani sijapata.

Sasa sikiliza ya juzi Jumamosi. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, Prisca yuko jikoni anaanza kukanda. Nikasikia kitu kizito kinawekwa chini upande wa pili wa ukuta. Unalijua jiko letu, mianzi iliyosimamishwa bila udongo, mtu akiguna ndani husikika nje. Nikachungulia. Baba alikuwa amekaa kwenye gogo, ameupa ukuta mgongo, mbele yake kuna jiko la mkaa la mzee Amoni, sufuria, na pakiti mpya ya unga aliyoinunua mwenyewe. Akasema bila kugeuka: “Lwitiko, muulize mtu wako huko ndani, kitu hiki kinajikunja vipi?”

Nilimuuliza anataka nini na unga. Akajibu kwamba Amoni amemlisha miezi mitatu, na hawezi kumlipa mtu mzima kwa kazi ya mkono wa mkamwana. Atampelekea ya mkono wake. Akaongeza kwamba mtu aliyepima majani ya chai kiwandani miaka ishirini na sita bila kukosea hawezi kushindwa na unga. Prisca alikuwa ameacha kukanda. Alivuta kanga juu ya kichwa, akageuza kigoda chake mgongo uelekee ukuta, akaniambia: “Mwambie Baba apashe maziwa yawe vuguvugu, kidole kisiungue. Hamira aiweke humo na kijiko cha sukari.”

Kwa hiyo walikaa hivyo, dada, migongo yao ikitazamana, na kati yao ukuta wa mianzi ambao sauti ya nzi ingepita. Mimi nilikaa mlangoni mahali pekee ambapo ungeweza kuwaona wote wawili. Prisca anasema, mimi narudia kwa Baba. Baba anauliza, mimi narudia kwa Prisca. Kila neno lilikuwa limekwisha kusikika kabla sijafungua kinywa, lakini hakuna aliyetikisa mkono mpaka mimi niseme. Mwanzoni nilitaka kucheka. Nikamwambia Baba kwamba amekwisha sikia, ya nini nirudie? Akanijibu kwamba kusikia amesikia, kuambiwa bado.

Ndipo nilipogundua jambo. Baba alikuwa akisema Kiswahili. Tangu nizaliwe hajapata kunisemesha Kiswahili hapa nyumbani, hata siku niliporudi na digrii alinipokea kwa Kinyakyusa. Prisca hajui Kinyakyusa zaidi ya kushukuru “ndaga fijo”. Baba alikuwa akinisemesha mimi kwa lugha ya mtu mwingine, na alikuwa akifanya hivyo kwa makusudi, kwa uangalifu, akichagua maneno kama achaguavyo mbegu.

Unga ulipokuwa ukiumuka hapakuwa na kazi ya mikono, na Baba akaanza kusimulia. Alisema alipomleta Mama hapa, babu alikuwa na tabia moja. Akifika ile kona ya njia yenye jiwe alikuwa akikohoa mara moja, ingawa hakuwa na maradhi ya kifua, ili Mama apate nafasi ya kujitenga bila kukimbia. Ndiyo ilikuwa salamu yake kwa mkwewe, kila siku, miaka tisa. Baba akasema yeye mwenyewe hakuwahi kumsemesha Mama lolote la heshima lililofikia kikohozi kile. Babu alipofariki, Mama aliendelea kusimama kwenye kona ile na ndoo kichwani, akisubiri. Baba alimkuta hapo zaidi ya mara moja. Kisha akanyanyua blanketi, akasema: “Lo! Kimekua!” kwa sauti ya mtoto.

Dada, mimi ni mtoto wa nyumba hii. Nimesoma vitabu vya watu waliokuja kuichunguza mila yetu, nikavipinga, nikawapinga na wale waliovipinga. Sikuwahi kumuuliza Baba.

Nilirudia simulizi yote kwa Prisca, neno kwa neno, kama nilivyoambiwa. Wakasukuma donge kila mmoja kwa chupa yake. Wakapaka siagi, wakanyunyiza sukari na mdalasini uliotwangwa, wakakunja kama mkeka. Prisca akaagiza Baba akate kwa uzi, si kwa kisu, maana kisu hubana na matabaka yakashikana. Uzi unapitishwa chini, ncha zinapishana juu, unavuta. Nilimwona Baba akifanya hivyo kwa vidole vile vilivyopasukapasuka, na kila kipande kilipoanguka na mzunguko wake wa kahawia aliguna kwa mshangao. Wakavipanga katika sufuria, mfuniko, makaa chini, makaa juu.

Na hapo, makaa yakiwa yanafanya kazi yake, Prisca akaniambia nimwambie Baba jambo jingine. Kwamba anaomba radhi kwa siku ile ya Mei. Kwamba alilelewa kubisha hodi hata kwenye nyumba tupu, na hajui kwa nini siku ile hakubisha, na anaomba Baba arudi kulala kwake.

Nikarudia. Baba alichukua kijiti akachokoa makaa. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, pole pole: “Mwambie mwanangu hana kosa. Mwenye kosa amekaa mlangoni, kati yetu.”

Sasa nimefika mahali nilipokuambia sitaki kufika. Yale niliyokuandikia mwezi Mei hayakuwa kweli. Siku ile nilimwambia Baba asitoke, kwamba kuna mkaguzi wa shule anataka kuja kumwamkia. Hakukuwa na mkaguzi. Kisha nikamwambia Prisca kwamba Baba amekwenda Ibighi kwenye kikao cha wazee wa kanisa, aingie haraka apige deki sebuleni. Nikasimama nje ya dirisha, mikono mgongoni, kama mtu anayesubiri jibu la hesabu aliyoitunga mwenyewe. Niliamini kwamba wakitazamana mara moja tu, na mbingu zisianguke, nitakuwa nimethibitisha lile jibu langu la ujinga wa kale na kumaliza ubishi wa miaka. Prisca aliangusha ndoo. Baba alivuta koti akajifunika uso, akautafuta mlango wa nyuma kwa kupapasa kama kipofu, akajigonga paji la uso kwenye mwimo. Mbingu hazikuanguka. Lakini kabla hajajifunika, macho yake yalipita dirishani. Alikuwa ameniona. Miezi mitatu yote alilala juu ya majani akijua, asimwambie mtu, na mimi nikamwacha mke wangu abebe lawama, nikakuacha wewe umwandikie uliyomwandikia.

Maneno ya Baba yalikuwa yamepita mianzini. Niliona mgongo wa Prisca ukikakamaa. Amesikia. Lakini hakugeuka, wala Baba hakugeuka. Wote wawili walikuwa wakisubiri. Nikaelewa kwamba hayajasemwa mpaka mimi niyaseme, na kwamba hapakuwa na mtu mwingine hapa duniani wa kuyabeba kutoka upande ule wa ukuta kuja upande huu.

Nikasema: “Prisca. Baba anasema wewe, mwanawe, huna kosa. Mwenye kosa ni mimi.” Kisha nikamweleza lote, la mkaguzi, la kikao, la dirisha. Sauti yangu haikuwa ile ya mdahalo unayoijua.

Prisca akafuta uso kwa ncha ya kanga akasema: “Mwambie Baba apunguze makaa ya juu. Mikate yake inaungua.”

Baba alirudi kwake jana baada ya ibada, vitu vyake akavibeba mzee Amoni, huku akitangaza njiani kwamba amelipwa kwa mikate sita, miwili imeungua, na kwamba kwa malipo hayo yuko tayari kumlisha hata baba wa mtu mwingine. Prisca amelifungua begi alilokuwa amekwisha kulipanga. Nilipomuuliza kama sasa anabaki, akasema: “Baba amerudi, kwa hiyo sina safari. Wewe tutaona.” Sharti alilonipa ni moja tu, nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe bila kujitetea, naye hataisoma. Nami nakuomba kwa unyenyekevu, umwandikie wifi yako barua nyingine. Ile ya kwanza bado iko kwa Ruthu.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Prisca alikuwa akitoka kisimani, mimi nyuma yake. Tulipokaribia lile jiwe tukasikia kikohozi, kimoja, kikavu, cha mtu asiye na kifua. Prisca akashusha ndoo, akajitenga nayo migombani, akavuta kanga usoni. Baba akapita, macho yake kwenye magoti yake. Alipokuwa hatua tatu mbele, Prisca akagonga ndoo kwa kidole, mara moja. Hilo sikumfundisha, wala halimo katika mila ya kwetu wala ya kwao. Baba alisimama kidogo tu, kisha akaendelea kushuka. Nilikuwa nyuma yao, dada, nimeshikilia mgomba.

Msalimie shemeji Hezron, wabusu watoto, na mjaliwe kupata mvua mapema. Mungu akupe afya na moyo wa kunisamehe, hata kama ni mwaka kesho.

Mimi mdogo wako,
Lwitiko

N.B. Kijana wa mzee Amoni anayesafiri kuja Tabora nimempa kifurushi cha vipande vya ule mkate wa kukunja. Vitakuwa vimekauka, chovya kwenye chai. Vilivyokunjwa vizuri ni vya Prisca. Vilivyopinda ni vya Baba, naye amesisitiza uanze na hivyo.